Haki ya Mtoto wa Kulea

Wahenga walisema ya kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Neno hili hutajwa mara nyingi katika kuwasifu wazazi, nao wanastahili sifa hiyo. Lakini ndani yake mna swali lisiloulizwa mara nyingi. Ikiwa kumlea mwana uliyemzaa ni kazi, je, kumlea mwana aliyezaliwa na mwingine ni kazi ya namna gani? Na mlezi akiishindwa kazi hiyo, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa mateso, ni nani mwenye haki ya kubisha hodi, kuingia ndani, na kumwuliza?

Swali hili linawahusu sana watu wa pwani. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, pande za Kuze, Kibokoni na Mkanyageni, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kichochoro kimoja huwatosha watu wawili kupishana kwa taabu. Kilio cha mtoto wa jirani husikika barazani kama vile kilio cha mtoto wako. Tena desturi ya kulea ni ya zamani sana. Shangazi asiyejaliwa mtoto hupewa mtoto wa ndugu yake. Bibi humchukua mjukuu akae naye. Yatima huingizwa nyumbani akala na wenziwe sinia moja. Dini imeusifu sana ulezi wa yatima, na watu wengi waliokuja kuwa na heshima mjini walilelewa kwa mikono ya wasiowazaa. Desturi hii ni njema, wala insha hii haikuandikwa ili kuilaumu.

Lakini watu hao hao wanayo methali nyingine: ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Maana yake, mambo ya nyumba ya mtu ni yake mwenyewe. Basi mtoto wa kulea amekaa kati ya maneno mawili. La kwanza humfungulia mlango aingie nyumbani. La pili huufunga mlango huo nyuma yake. Historia ya haki yake ni historia ya namna watu walivyojifunza, polepole na kwa uchungu, kuufungua mlango uliofungwa.

Na tuanze na Mvita ya zamani. Tangu mwaka 1837 mji huu ulikuwa chini ya masultani wa Unguja wa nasaba ya Busaidi. Liwali alitawala kwa niaba ya sultani, na kadhi alihukumu. Miongoni mwa wakazi walikuwamo watumwa, na miongoni mwa watumwa walikuwamo watoto waliotekwa au kuuzwa kutoka bara, wengine kutoka mbali hata pande za Ziwa Nyasa. Mtoto wa namna hiyo alipoingizwa katika nyumba hakuwa na baba, wala mjomba, wala shangazi wa kuja kumjulia hali. Sheria ya Kiislamu iliamuru mtumwa alishwe, avikwe, wala asiteswe, na zilikuwapo nyumba zilizoitii amri hiyo, zikamlea mtoto kwa huruma mpaka akawa kama mmoja wao. Zilikuwapo pia nyumba zisizoitii. Tofauti kati ya nyumba hizi mbili ilitoka katika moyo wa bwana tu. Mtoto mwenyewe hakuwa na neno. Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Wema unaotegemea moyo wa mwenye nguvu peke yake haujawa haki bado, ni bahati. Mwenye bahati hushukuru, na asiyekuwa nayo huteseka, na wote wawili hawana pa kudai.

Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Manowari zilipoyakamata majahazi, likazuka swali jipya: watu hawa waliookolewa, na watoto waliokuwa pamoja nao, wapelekwe wapi? Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha watu huru ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, wakakiita Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe aliyetumwa na Uingereza katika shauri la mkataba huo. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, linalojulikana na kila msafiri wa matatu anayetoka kisiwani kwenda Kisauni. Basi watoto wengi wasio na wazazi wakajikuta katika mikono ya walezi wapya. Walezi hao walikuja kwa nia ya kuokoa. Baadaye tutaona kama nia peke yake ilitosha.

Wakati ule ule, mbali sana na pwani yetu, katika mji wa New York nchini Marekani, ilihukumiwa kesi ambayo imekuwa mashuhuri kupita kesi zote za namna hii. Yafaa tuifuate kwa utaratibu, kwa sababu inaonyesha wazi jinsi mtoto anavyopotea machoni pa watu, na jinsi anavyoonekana tena.

Mtoto huyo aliitwa Mary Ellen. Alizaliwa mwaka 1864. Baba yake alikufa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mama yake, kwa umaskini, akamweka kwa mwanamke wa kumlea kwa malipo. Malipo yalipokoma, mtoto akapelekwa kwa idara ya mji iliyowasaidia maskini. Mwaka 1866 mtu mmoja, Thomas McCormack, na mkewe Mary wakamchukua kutoka huko kwa mkataba wa maandishi. Mkataba uliwataka wapeleke habari za mtoto kila mwaka. Habari hizo zilipelekwa mara chache mno, wala idara haikuziulizia. Thomas akafa, mjane wake akaolewa na Francis Connolly, wakahama, na mtoto akahama nao. Hivyo kwa miaka minane karatasi ilikaa katika sanduku la ofisi, na mtoto akakaa katika nyumba iliyofungwa.

Aliyemwona kwanza hakuwa mtu wa serikali. Wanawake waliopanga katika jengo moja na mama Connolly walisikia kilio cha mtoto siku nyingi. Hawakuweza kuvumilia, wakamweleza Etta Wheeler, mwanamke aliyezoea kuwatembelea wagonjwa na maskini wa mtaa ule kwa kazi ya kanisa. Bibi Wheeler alitafuta sababu ya kuingia. Alikuwapo jirani mgonjwa wa kifua. Basi akabisha mlango wa Connolly kana kwamba anamwombea mgonjwa huyo msaada. Mlango ukafunguliwa. Ndani akamwona mtoto mdogo, mwembamba, miguu mitupu, amevaa nguo nyepesi katika baridi ya Desemba, anaosha vyombo. Juu ya meza palikuwa na mjeledi wa ngozi iliyosokotwa, na alama za mjeledi huo zilikuwa juu ya mikono na miguu ya mtoto.

Bibi Wheeler alikwenda kwa polisi, na kwa watu wa mashirika ya hisani. Kila mmoja alisikitika, na kila mmoja akasema kazi hiyo si yake. Mwishowe akamwendea Henry Bergh, aliyekuwa ameanzisha mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Bergh akamshirikisha mwanasheria wake, Elbridge Gerry. Tarehe 9 Aprili, 1874, mtoto akatolewa katika nyumba ile kwa hati ya mahakama, akaletwa mbele ya Jaji Abraham Lawrence, amezungushiwa blanketi. Usoni alikuwa na jeraha la mkasi. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi.

Hapo likafanyika jambo lililokuwa adimu siku zile: mtoto akaulizwa, akajibu, na maneno yake yakasikilizwa. Alieleza kwamba alipigwa karibu kila siku, kwamba hakuruhusiwa kucheza nje na watoto wengine, na kwamba hakumbuki kubusiwa na mtu yeyote. Katika mwezi huo huo Mary Connolly akashtakiwa kwa kosa la kumshambulia mtoto kwa kumjeruhi. Baraza la raia walioitwa kuamua kesi lilimwona ana hatia, naye akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na kazi ngumu. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bergh, Gerry na wenzao wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili juu ya watoto, cha kwanza cha namna yake ulimwenguni.

Imeenea hadithi ya kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama, kwa hoja ya kwamba mtoto naye ni kiumbe kama farasi au mbwa. Hadithi hii hupendwa kwa sababu inachoma moyo, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuipima. Bergh alisema anatenda kama raia, si kama msimamizi wa chama chake. Hati iliyomtoa mtoto ilikuwa ya sheria ya kale ya kumleta mbele ya jaji mtu anayezuiliwa pasipo haki. Na sheria ya kuwaadhibu wanaojeruhi watu ilikuwapo tangu zamani. Kwa hiyo ukweli wa mambo ni mzito kuliko hadithi. Sheria ilikuwapo kabla ya Mary Ellen kuzaliwa; kilichokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kuitumia kwa ajili ya mtoto. Panga lililoning'inizwa ukutani halikati kuni.

Ukizipanga hatua za kesi hii utaona ziko tatu. Kwanza, jirani alisikia asinyamaze. Pili, alipatikana mtu wa kuichukua habari ile mpaka mlangoni pa mahakama. Tatu, mahakama ilikubali kumsikiliza mtoto mwenyewe. Hatua moja ikikosekana, nyingine zote huanguka.

Sasa turudi ng'ambo ya kisiwa chetu, Freretown. Msimamizi wa kijiji, Bwana J. R. Streeter, alilaumiwa ya kwamba aliwaadhibu wakazi kwa viboko vikali. Malalamiko yakavuka bahari mpaka Unguja, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa kwa amri ya wakubwa wa Kiingereza huko, na baadaye msimamizi huyo akaondolewa. Watu waliookolewa katika mikono ya wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wamepigwa katika mikono ya waokoaji. Habari hii haifuti mema yaliyotendwa pale. Shule ilikuwapo, na kutoka pale walitoka walimu na wahubiri waliosifika. Lakini inatufundisha ya kwamba aliyeokoa jana aweza kutesa leo, ikiwa hakuna anayemtazama. Mlezi, hata awe mwema, naye ahitaji jicho la nje.

Na jicho hilo lisipokuja kwa wakati, hasara yake haina fidia. Mwaka 1945 huko Uingereza mtoto mmoja wa kiume, Dennis O'Neill, aliyekuwa na miaka 12, alikufa katika shamba alikopelekwa na serikali ya mji kulelewa pamoja na ndugu yake. Afisa aliyewatembelea mwezi wa Desemba 1944 aliiona hali yao kuwa mbaya. Lakini hawakuondolewa, na tarehe 9 Januari mtoto akafa kwa kupigwa na kwa njaa. Mlezi wake, Reginald Gough, alifungwa miaka sita, na mkewe miezi sita. Nchi nzima ilishtuka. Tume zikaundwa, na mwaka 1948 ikatungwa sheria mpya ya watoto iliyoziamuru serikali za miji kuwa na maafisa wa kuwaangalia watoto walio mikononi mwao. Kati ya kesi ya New York na kesi hii ilipita zaidi ya miaka sabini. Katika ya kwanza mlango ulifunguliwa mtoto angali hai. Katika ya pili ulifunguliwa kwa ajili ya maiti.

Nchini kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Serikali ya kikoloni iliifanya Ngome ya Mombasa kuwa gereza tangu mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958. Utumwa ulifutwa katika sheria za pwani hii mwaka 1907. Ila sheria ya kuasili watoto haikutungwa mpaka mwaka 1933, ikafuatwa na nyingine mwaka 1959. Mwaka huo wa 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mtoto wa umri mdogo, katika mambo ya ushahidi, kwa kawaida ni yule aliye chini ya miaka 14, na kwamba hakimu hana budi kumhoji kwanza ajue kama anafahamu maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli. Kanuni hiyo ilimlinda mshtakiwa asihukumiwe kwa neno la mtoto asiyeelewa. Lakini mtoto anayeteswa ndani ya nyumba aghalabu hana shahidi mwingine isipokuwa mwili wake. Ndiyo maana mahakimu wakahitaji kujifunza kumwuliza mtoto kwa upole, na madaktari wakahitaji kujifunza kusoma makovu.

Kenya ilipokwisha kujitawala iliendelea kujenga juu ya msingi huo. Mwaka 1990 iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika mwaka 2002. Sheria hiyo ilisema wazi ya kwamba mzazi, mlezi, au mtu yeyote mwenye mtoto mikononi mwake, akimpiga vibaya, akimtesa, akimtelekeza au kumnyima riziki kwa makusudi, ametenda kosa la jinai. Haikumtofautisha aliyezaa na aliyeasili. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu: kifungu cha 29 kikakataza mtu yeyote kupewa adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 kikaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Watoto nyingine badala ya ile ya 2001. Nayo imeutambua ulezi wa Kiislamu uitwao kafala, ambao mtoto hulelewa kama mwana wa nyumba bila ya kubadilishwa jina la baba yake wala nasaba yake. Hilo ni jambo kubwa kwa watu wa Mji wa Kale, kwa sababu ulezi uliofanywa kwa neno la mdomo vizazi na vizazi sasa una mahali pake katika sheria, na chenye mahali katika sheria chaweza kuangaliwa na sheria.

Katika kisiwa cha Mombasa mahakama ya watoto iko Tononoka, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Humo mambo ya mtoto husikilizwa faraghani, na jina lake halitangazwi. Wapo watu huudhika kwa siri hiyo, wakitaka kujua habari zote. Lakini fikirini: mtoto aliyekwisha kupigwa, akaletwa tena uwanjani watu wamkodolee macho, atakuwa ameadhibiwa mara mbili.

Mbele ya mahakama ya namna hii mlezi mshtakiwa husema maneno ambayo karibu ni yale yale katika kila nchi: nilikuwa namrudi, mtoto ni mkaidi, nisingemtaka nisingemchukua. Neno la mwisho ndilo lenye hatari kubwa kupita yote, maana linamfanya mtoto awe mdeni. Mtoto wa kuzaa haambiwi alipe kwa kuzaliwa. Kwa nini basi mtoto wa kulea alipe kwa kulelewa? Sadaka inayodai malipo ya machozi haikuwa sadaka tangu mwanzo. Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Mshtakiwa si mwenye hatia mpaka ithibitishwe, na jirani aweza kusikia vibaya, na uvumi waweza kuivunja nyumba njema. Kwa sababu hiyo hasa jambo hupelekwa kwa afisa wa watoto na kwa hakimu, lisihukumiwe barazani wala sokoni.

Vijana wasomaji, huenda mkasema, haya ni ya mahakimu na wabunge, sisi twaweza nini? Angalieni tena kesi ya Mary Ellen. Haikuanzia kwa jaji wala kwa mwanasheria. Ilianza kwa wanawake maskini waliosikia kilio kupitia ukutani, wakaona kwamba kunyamaza ni kushiriki. Leo njia ni fupi kuliko yao. Yuko mwalimu, yuko chifu, yuko afisa wa watoto, na katika Kenya simu ya nambari 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Na ikiwa anayeteseka ni wewe unayesoma, jua ya kwamba kusema si utovu wa adabu, wala si kukosa shukrani kwa aliyekulisha.

Mary Ellen alilelewa baada ya hapo na jamaa za Bibi Wheeler mashambani. Alikua, akaolewa mwaka 1888, akazaa binti wawili. Wa kwanza alimwita Etta. Tena akamchukua yatima mmoja wa kike, akamlea pamoja na wanawe. Alikufa mwaka 1956 akiwa na miaka 92. Yule ambaye hakukumbuki kubusiwa na mtu alijua, kuliko watu wengi, nini maana ya kumlea mtoto wa mwingine. Naye hakuiogopa kazi hiyo. Kazi kulea mwana, walisema wahenga. Mwenye kuifanya vyema astahili heshima yetu. Na mtoto asiyeipata kwa nyumba yake aipate kwa mji wote.